Leta inasema «leta»: nani analipa sinyatire isiyokuwa na mamlaka?



Huku kwetu Lubumbashi, État tunaiita Leta. Na neno ambalo mufanyabiashara mudogo anasikia mara nyingi kutoka kwa Leta ni hilo hilo: «leta». Leta mbegu, leta rame za karatasi, leta mazuti ya grupe, leta viti vya sherehe. Ukiuliza karatasi iko wapi, wanakujibu: «Karatasi tutaregularizer nyuma, weye leta kwanza, mukubwa anangoja.» Wengi wenu munajua ile sauti. Wamoja walileta, na mpaka leo wanangoja.

Leo ninataka kukosoa ile neno moja, regularizasio. Inasikilika kama neno safi, ya ofisi, ya watu waliosoma. Maana yake kwa kweli ni hii: mutumishi wa Leta ameagiza kitu, au amesinya kontra, wakati hana mamlaka ya kufunga Leta, sasa wanatafuta karatasi ya kufunika kile kilichokwisha kufanyika. Sisemi kama regularizasio yote ni mubaya. Hata inchi zenye ofisi zilizopangwa vizuri wanayo. Ninasema ya kwetu haina bei. Aliyesinya hapotezi kitu, aliyeleta mizigo anapoteza yote, na Leta yenyewe haijifunzi kitu. Pale ndipo ubaya uko.

Tuanze na sheria, juu tusibishane bule.

Sheria ya finances publiques, ile tunaita LOFIP, ya tarehe 13 Julai 2011, inagawanya matumizi ya Leta katika hatua 4. Ya kwanza ni «engagement»: Leta inajifunga kwamba itatumia franga hii juu ya kitu hiki. Ya pili ni «liquidation»: wanahakikisha kama mizigo imefika kweli, na deni ni kiasi gani. Ya tatu ni «ordonnancement»: mwenye mamlaka anatoa amri ya kulipa. Ya nne ni kulipa kwenyewe. Sheria ingine, n° 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, inasimamia masoko ya Leta. Inataka kila ofisi inayonunua iwe na cellule yake ya masoko, DGCMP ikontrole, ARMP iregile mambo na ipokee malalamiko. Kanuni ni mashindano ya wazi. Kupatia mutu soko mukononi, ile «gré à gré», inaruhusiwa kwa sababu chache tu, na lazima kupata ruhusa ya pekee mbele.

Sisi ba agronome tunaielewa haraka. Kwanza unatengeneza shamba, kisha unapanda, kisha unapalia, kisha unavuna. Hakuna mutu anavuna mbele ya kupanda.

Lakini mu maofisi yetu mara mingi wanaanza na hatua ya pili. Mizigo inafika kwanza. Halafu, miezi nyuma, wanatafuta boni ya komande yenye tarehe ya zamani, wanatafuta mustari wa budget wenye kubaki na kitu, wanatafuta fakture mbili zingine za kulinganisha bei, na zote tatu zinatoka ku kompyuta moja. Kwa jina ni kupanga karatasi. Kwa kweli ni kutunga tarehe. Na ile karatasi ya uongo, siku inspecteur anafika, jina lililo chini yake mara mingi ni la muletaji, kwa sababu fakture ni yake.

Na tukumbuke kitu kimoja: kuwa na ofisi hakukupi mamlaka ya kufunga Leta. Kuwa na muhuri pia hapana. Chef de service, conseiller, secrétaire, chauffeur anayetumwa «kuambia yule muuza mbegu», wote wanaweza kusema ni Leta inaagiza. Mu sheria, wenye kuweza kujifunga kwa jina la Leta ni wachache, na kila mumoja ana mipaka yake ya franga na ya kitu.

Kwa nini basi wanaagiza bila mamlaka? Tukiwa wa haki, sababu ziko mingi, na si zote ni za wizi. Kuna chef ambaye budget yake imepigiwa kura vizuri lakini franga haishuki. Anaona ofisi haina hata encre, anakwenda kukopa mu duka kwa jina la ofisi. Kuna mutumishi mudogo aliyeamriwa na mukubwa wake kwa simu, na hawezi kukatala. Kuna musimu. Na kuna yule anayeagiza makusudi bila njia, kwa sababu njia ingeleta mashindano, na mashindano yangeua «opération retour» yake. Shida ni kwamba regularizasio ya kwetu inawapima hawa wote ku kilo moja. Aliyekopa mazuti ili maternité isikae giza, na aliyefunga Leta kwa mamilioni juu ya rafiki yake, wote wanasema neno lile lile: tutaregularizer.

Mwaka 2025 tulipata mifano mikubwa miwili ya kuongea juu yake. Ninaona tuliongea vibaya.

Wa kwanza ni Bukanga-Lonzo, na sisi watu wa kilimo hatuna haki ya kuisahau. Ilikuwa bustani kubwa ya kilimo ya hectare 80 000 upande wa Kwango. Walianzisha mwaka 2014, mutambo wa kwanza wa mpango wa parcs agro-industriels ambao ungelisha Kinshasa. Kampuni ya Afrika Kusini, Africom, ilipewa kazi bila mashindano ya wazi. Mwaka 2017 kazi ikasimama. Mwezi wa Novemba 2020, Inspection Générale des Finances ikatoa raporo yake: zaidi ya milioni 200 za dola zilitoka mu kasha la Leta, mahindi ya kuonyesha hakuna. Tarehe 20 Mei 2025, Cour constitutionnelle ikahukumu aliyekuwa Waziri Mukuu Matata Ponyo miaka 10 ya travaux forcés. Mwenyewe alikatala makosa mpaka mwisho.

Wa pili ni wa gereza ya Kisangani. Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alifunga kontra na kampuni Zion Construct ya kujenga gereza mupya. Karibu milioni 20 za dola zikahamishwa ku konti ya kampuni. Zilitoka ku FRIVAO, ile mfuko wa kulipa wahanga wa vita vya Uganda. Musisahau ile franga inatoka wapi: tarehe 9 Februari 2022, Korti ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda kulipa Congo milioni 325 za dola, milioni 65 kila mwaka kwa miaka 5. Ni franga ya watu waliopoteza miguu na watoto. Upande wa mashtaka ulisema soko ilipewa mukononi, Waziri Mukuu hakuruhusu, franga ikatoka mbele taratibu hazijaisha. Utetezi ulijibu kwamba njia ilifuatwa na franga ilikuwa ingali ku konti. Mwezi wa Juni 2025 waziri akajiuzulu. Tarehe 2 Septemba 2025 Cour de cassation ikamuhukumu miaka 3 ya travaux forcés.

Sasa, mu ba groupe za WhatsApp, mu ba terrasse, hata kwetu wasomi, tulibishana nini? «Ni règlement de comptes.» «Apana, ni mwizi.» «Ni juu ya kabila.» «Ni juu ya 2028.» Nilifuata yale mabishano siku mingi. Maulizo moja tu sikuiona: mutu mumoja anawezaje kufika mpaka banki inahamisha milioni 20, kama kweli ruhusa moja inakosa? Nani mwingine aligusa ile dosie? Comptable gani aliona karatasi ikiwa pungufu na akapitisha? Ukisema mutu ni mubaya, umemaliza kazi kwa siku moja. Ukiuliza mulango gani ulibaki wazi, kazi inaanza.

Kwa upande huu hukumu kubwa, hata ikiwa ya haki, haitibu ugonjwa. Ile ya Bukanga-Lonzo ilifika karibu miaka 11 nyuma ya kuanzisha kazi. Na zote mbili zinahukumu detournement, zinahukumu franga iliyopotea njia. Lakini kufunga Leta bila mamlaka ni kosa hata kama hakuna franga moja iliyoibiwa. Hata kama bei ni muzuri, hata kama mbegu ziliota. Kwa sababu siku ile, mutu mumoja ameamua peke yake juu ya franga ambayo Assemblée ilipigia kura kwa kitu kingine. Mu ofisi za chini, pale waziri hafiki na kamera hazifiki, ile kosa inafanyika kila juma na hakuna anayeiita kosa.

Sasa tugeukie upande wa yule aliyeleta mizigo. Kwake, swali ni moja: kama mutumishi hakuwa na mamlaka, mimi nitalipwa?

Kuna hukumu ya Marekani ambayo kila mwanafunzi wa agronomie angepashwa kuijua. Mwaka 1945, ndugu wawili wakulima wa Idaho, jina lao Merrill, walitaka bima ya Leta juu ya ngano yao. Walielezea kwa komite ya kule kwao kwamba ekari 400 kati ya 460 walikuwa wanapanda mara ya pili, juu ya shamba la ngano ya baridi. Komite ikawaambia: hakuna shida, yote inaingia mu bima. Jua likaua ngano. Wakaenda kudai. Shirika la Leta likajibu: kanuni yetu haikubali ngano ya kupandwa mara ya pili, na ile komite haikuwa na mamlaka ya kuwaahidi. Mwaka 1947 Korti Kuu ya Marekani ikawapa Leta haki, majaji 5 juu ya 4. Maneno ya hukumu, kwa kifupi: mutu yeyote anayefanya mapatano na Leta anabeba mwenyewe hatari ya kujua kama yule anayeongea naye yuko ndani ya mipaka ya mamlaka yake.

Kanuni hii ni nguvu, na ina sababu. Kama kila mutumishi angeweza kufunga Leta kwa kinywa chake, budget ingekuwa karatasi ya kufungia karanga. Lakini tuangalie inaangukia nani. Merrill walisema ukweli wote. Waliuliza mutu wa Leta, mu ofisi ya Leta. Nne kati ya majaji 9 waliona si haki, na mimi ninaona vilevile, zaidi kwa inchi kama ya kwetu ambapo hata kanuni yenyewe mukulima hawezi kuipata ili aisome. Ukimwambia mama wa Katuba anayeuza mbegu za mboga «ulipashwa kujua mipaka ya mamlaka ya chef de service», unamuchekelea.

Kwetu, muletaji anakuta milango miwili, na yote miwili ni mibaya. Mulango wa kwanza: kutegemea yule mutumishi. Unamufuata, unamupigia, unamununulia kreditii, unamukatia kitu kidogo ili dosie itembee. Siku wanamuhamisha ao wanamutosha, mupya anakuambia: «Ile si deni yangu.» Mulango wa pili: kuingia mu deni ya ndani ya Leta. Kuna DGDP, ile direction ya deni, inayohakikisha deni za ndani. Lakini pale wanataka makaratasi ya kweli: kontra, boni, cheti cha kupokea. Vile hasa ambavyo weye hukupewa, kwa sababu «tutaregularizer». Na hata aliye nayo anangoja miaka, na siku ingine wanamuomba akubali kupunguziwa deni ili alipwe haraka.

Ninamujua mwenzetu mumoja, agronome, aliyefungua kiduka cha mbegu na angre. Ofisi moja ya Leta iliagiza kwake mahindi ya mbegu na NPK. Alikopa kwa jamaa, akatia likelemba yote, akapeleka. Mizigo ilipokelewa, ilisambazwa, na picha zikapigwa. Musimu ukapita, na wa pili, na wa tatu. Leo anafanya taxi-moto. Hakuna mutu aliyemuibia mu maana ya sheria. Kila mutu aliyemuuliza alikuwa mupole na alimuonea huruma. Ndiyo maana ninasema ile neno inaumiza: inaua mutu bila muuaji.

Basi nini kifanyike? Wengi kati yenu mutasema: wakataze regularizasio kabisa. Mimi ninasema apana. Ukiikataza bila kitu kingine, umefunga mulango usoni pa muletaji, na mutumishi bado hapotezi kitu. Tuangalie wengine wanafanyaje.

Wamarekani wale wale wa hukumu ya Merrill, mu kanuni zao za ununuzi wa Leta, waliweka njia ya kukubali nyuma ahadi iliyofungwa bila mamlaka. Lakini waliizungushia miiba. Lazima mizigo ao kazi iwe imepokelewa na Leta na imefaidia Leta. Lazima ile kontra iwe ya aina ambayo mwenye mamlaka angeweza kuifunga kwa haki siku ile. Lazima bei ihakikishwe kuwa ya haki. Lazima franga iwe iliyokuwako siku ahadi ilifungwa, na iwe ingali. Lazima afisa wa ununuzi apendekeze, na mwanasheria aangalie. Anayekubali ni mukubwa wa ununuzi, si yule aliyekosa na si rafiki yake wa meza ya pembeni. Na kanuni inasema wazi: njia hii isitumiwe kwa namna ya kutia watumishi moyo wa kufunga ahadi bila mamlaka. Ile mustari wa mwisho ndio unakosa kwetu kabisa.

Wafaransa, ambao sisi tuliiga namna yao mingi ya ofisi, wana njia ingine. Kama kontra na Leta ni bure, korti yao ya administrasio inaweza kumurudishia muletaji kile alichotumia na ambacho Leta imefaidia, lakini faida yake inabaki nje. Ni kanuni ya kutojitajirisha bila sababu. Waliosoma droit kati yenu munaijua vizuri. Na kwa watumishi wanaoshika franga ya watu wote bila haki, wana «gestion de fait», ambayo inawapeleka mbele ya Cour des comptes kama vile wangekuwa comptable.

Nikiunganisha hizi, ningeomba vitu vinne, na vyote vinaweza kuandikwa ku ukurasa moja wa arrêté.

Kwanza, jina. Kila ahadi bila mamlaka ipate dosie yenye jina la mutu aliyeagiza, tarehe ya kweli, na sababu. Tarehe ya zamani ikiandikwa, ile iwe kosa peke yake.

Pili, bei. Muletaji aliyesema ukweli alipwe thamani ya kitu kilichopokelewa, kwa bei ya soko ya siku ile. Faida ikatwe. Aliyejua na kushirikiana asipate kitu. Vile muletaji hafi, lakini pia hana hamu ya kurudia.

Tatu, kurudisha. Kama bei ilipita soko, tofauti itoke mu mushahara wa aliyesinya. Na kama aliamriwa, mukubwa aliyeamuru njo alipe.

Nne, kutangaza. Kila mwisho wa mwaka, orodha ya regularizasio zote iwekwe wazi: nani, nini, franga ngapi. Ofisi yenye regularizasio 2 ilikuwa na bahati mbaya. Ofisi yenye 60 ina ugonjwa.

Sasa ninasikia mutu wa kilimo ananiambia: «Yaya, mvua haingoji karatasi.» Ni kweli, na ni jibu la nguvu kupita yote. Huku Haut-Katanga mvua inashika mu Novemba. Mahindi inataka kupandwa mara moja mvua ikisha kushika, NPK iwe mu mukono siku ya kupanda, urée juma 4 ao 6 nyuma. Angre ikifika mu Februari ni ya kupiga nayo picha tu. Chef de service anayeona dosie imelala Kinshasa wakati wingu linafunga juu ya Kipushi, ninamuelewa kama anakwenda kukopa.

Lakini tuseme ukweli: Novemba inakuja kila mwaka. Mvua si urgence. Ni kalenda. Urgence ya kweli tuliiona wakati kiwavi kigeni cha mahindi, chenille légionnaire d'automne, kilipoingia inchi yetu karibu mwaka 2016 na 2017. Hakuna aliyekuwa amekiweka mu budget. Kwa mambo kama yale sheria ya 2010 inaacha mulango wa haraka, na ni haki. Ofisi inayongoja Oktoba ili kukumbuka kama watu wanapanda mu Novemba, halafu inaita ile urgence, inatengeneza yenyewe kile inacholalamikia. Na mara mingi ule uchelewaji una mwenyewe: dosie ikichelewa sana, mashindano hayawezekani tena, inabaki paka soko ya mukononi.

Jibu la musimu ni kupanga mu Mei na Juni, wakati mavuno yangali mu magunia. Kontra inaweza kufungwa mapema, ikisema mizigo itafika tarehe fulani. Hiyo haitaki teknolojia wala wafadhili. Inataka ofisi ihesabu kuanzia Novemba kurudi nyuma, kama vile kila mukulima anafanya kichwani mwake.

Na tusifikiri hii ni mambo ya Kinshasa tu. Kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya ETD, commune kama Katuba yetu ni kitu chenye uhai wake mu sheria: ina budget yake, ina baraza lake, bourgmestre njo anaamuru malipo yake. Kila mutu anayelipa taxe ku soko ya Katuba anaweka kitu mule. Kwa hiyo tunaweza kuanza kuuliza hapa hapa, kwa adabu, bila kumushitaki mutu: mwaka huu commune iliregularizer ahadi ngapi? Iko na liste? Ukiuliza Bukanga-Lonzo unapata kelele. Ukiuliza choo cha soko na viti vya ofisi, unaweza kupata jibu, kwa sababu mwenye kusinya unakutana naye ku kanisa.

Ninamaliza na yale ya kutumika, kwa wale wanaofungua établissement mwaka huu. Mbele ya kupeleka kitu kwa Leta, omba vitu vitano. Boni ya komande yenye namba na tarehe ya leo. Jina na cheo cha anayesinya, na karatasi inayomupa mamlaka. Mustari wa budget unaobeba ile matumizi. Nani atasinya cheti cha kupokea. Na siku ngapi za kulipa. Ukinyimwa vitatu kati ya hivyo, jua kama hauuzii Leta. Unamukopesha mutu, yeye binafsi, na andika jina lake mu kitabu chako cha deni, si la Leta. Uamue kama yeye, na mushahara wake, anaweza kukulipa.

Wataniambia: ukiuliza hivyo, komande inakwenda kwa mwingine. Ndiyo, mara ya kwanza itakwenda. Ndiyo maana ninaandika kwa chama na si kwa mutu mumoja. Wauza mbegu kumi wakiuliza vitu vile vile vitano, mutumishi atarudi ku ofisi yake kutafuta karatasi, kwa sababu mahali pa kukopa pamekwisha. Sheria ya 2010 na ya 2011 ziko tayari na zimeandikwa vizuri. Kinachokosa ni watu wanaokataa kupeleka mizigo mbele yake.